Printa ya Leza Inapopoteza Kaunta na Mipangilio: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo

Swali hili linanirudia kwa sura nyingi. "Kaunta ilikuwa elfu arobaini na kitu, leo inasoma kumi na mbili." "Mipangilio yote imerudi kama ilivyotoka kiwandani." "Tona jana ilikuwa asilimia 10, asubuhi nimeikuta 100." Na karibu kila anayeuliza amekwisha kufanya jambo lile lile: amerudisha printa kwenye mipangilio ya kiwandani, au ameagiza bodi mpya, kabla hajajua ni kumbukumbu ipi iliyopotea. Hapo ushahidi umefutika na tatizo limebaki palepale.

Tutakwenda kwa mpangilio mmoja. Kwanza tunajua kilichopotea, pili tunajua kama printa ilizimika kweli, ndipo tunagusa nyaya, mtandao na mwisho kabisa bodi. Nakuomba usiruke hatua ya 2, kwa sababu ndiko wengi wanakopotelea.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi chache ndani ya printa na simu ya kupigia picha.
- Daftari moja litakalokaa kando ya printa. Usitegemee kichwa.
- Neno la siri la msimamizi wa printa na anwani yake ya IP.
- Kompyuta iliyo kwenye mtandao mmoja na printa. Ikiwa na programu ya kusoma SNMP (njia ya kuiuliza printa taarifa zake kupitia mtandao) ni vizuri zaidi.
- Multimita, na mtu anayejua kuitumia kwenye umeme wa ukutani.
- Bisibisi ya nyota na mkanda wa kuzuia umeme tuli, kwa hatua ya 7 tu.
- Ukurasa wowote wa zamani unaoonyesha kaunta: ripoti ya fundi, ankara ya mkataba wa kurasa, picha ya skrini. Huu ndio utakaolinganisha nao.

## Kumbukumbu za printa hazikai mahali pamoja

RAM hushika kazi zinazochapwa sasa hivi na hupotea umeme ukikatika. Hilo ni jambo la kawaida kwake. Kwenye printa nyingi zisizo na diski, hata kazi ulizozihifadhi kwa namba ya siri hukaa humo, kwa hiyo printa ikizimwa nazo zinakwenda.

Kumbukumbu ya kudumu, ambayo mafundi huiita NVRAM au EEPROM, hushika kaunta ya jumla, namba ya printa, lugha, mipangilio ya trei na mtandao. Hii haipaswi kupotea hata printa ikikaa mwezi mzima bila umeme.

Chipu ya tona ni kumbukumbu ya tatu, nayo husafiri na tona. Ukichukua tona kutoka printa nyingine unachukua na hesabu yake.

## Hatua ya 1: Chapisha ushahidi kabla ya kugusa chochote

Ingia kwenye menyu ya ripoti uchapishe ukurasa wa usanidi, ukurasa wa hali ya tona na orodha ya matukio. Kama printa haichapi, fungua ukurasa wake wa msimamizi kwa kuandika anwani ya IP kwenye kivinjari, kisha piga picha kila skrini.

Andika daftarini: tarehe na saa halisi, tarehe na saa ambayo printa inaonyesha, kaunta ya jumla, toleo la programu dhibiti (programu inayoendesha printa yenyewe), namba ya printa, na namba za makosa ya mwisho pamoja na kaunta iliyoandikwa kando ya kila kosa.

Hiyo kaunta ya kando ya kosa ina thamani kubwa. Orodha ya matukio kwenye printa nyingi huandika kosa lilitokea kwenye ukurasa wa ngapi. Ukiona makosa ya kurasa 41,870, 41,902, kisha linalofuata limeandikwa ukurasa wa 3, umepata mahali hasa kaunta ilipokatika.

Onyo: usizime printa kwa sasa. Taarifa ya muda iliokaa imewashwa hupotea ukiizima, na tutaihitaji hatua ya 3.

Umefaulu ukiwa na kurasa hizo mkononi, zimeandikwa saa, na printa bado imewaka.

## Hatua ya 2: Jua ni kaunta ipi iliyorudi sifuri

Printa moja ina kaunta nyingi, na baadhi zimetengenezwa kurudi sifuri. Malalamiko mengi ninayoletewa huishia hapa: hakuna kilichoharibika, mtu amesoma kaunta isiyo yake.

Kaunta ya jumla huhesabu tangu printa ilipoanza kazi. Hii ndiyo ya mkataba na ya matengenezo. Haitakiwi kushuka kamwe.

Kaunta tangu kuwashwa huanza upya kila printa inapowashwa. Kiwango cha SNMP cha printa, kilichoandikwa kwenye RFC 3805 ya mwaka 2004, kimeziweka hizi mbili jirani kabisa:

1.3.6.1.2.1.43.10.2.1.4.1.1 ni kaunta ya jumla.

1.3.6.1.2.1.43.10.2.1.5.1.1 ni kaunta tangu kuwashwa.

Tazama vizuri: tofauti ni tarakimu moja, 4 kwa 5. Aliyepanga programu ya kukusanya kaunta akikosea hapo, kila Jumatatu ripoti itasema printa imepoteza kurasa zote. Zisome zote mbili kwa amri hii, kwanza kama ilivyo kisha ukibadilisha tarakimu hiyo kuwa 5, ukiweka anwani ya printa yako na neno la ruhusa mnalotumia badala ya public:

snmpget -v2c -c public 192.168.1.50 1.3.6.1.2.1.43.10.2.1.4.1.1

Tuseme ya kwanza inaleta 48,213 na ya pili inaleta 36, na ripoti yako ililalamika kuhusu 36. Printa ni nzima. Rekebisha ripoti.

Kaunta za tona, dramu (silinda inayobeba picha ya tona kuelekea kwenye karatasi) na kifaa cha matengenezo hurudi sifuri kifaa kinapobadilishwa, au printa inapodhani kimebadilishwa. Kwa baadhi ya printa za Brother, tona mpya huja na gia ndogo inayozunguka mara moja tu na kuiambia printa ianze kuhesabu upya. Tona iliyojazwa tena, gia yake ikarudishwa mahali pa kuanzia, itaipa printa habari hiyo hiyo. Ndiyo maana asilimia hupanda hadi 100 ilhali tona ni ile ile. Kwa dramu, mambo huwa kinyume: modeli nyingi hutaka mtu mwenyewe abonyeze ili hesabu ianze upya, na mtu akibonyeza bila kubadilisha dramu, hesabu inakuwa ya uongo tangu siku hiyo.

Kaunta za watumiaji au idara mara nyingi hupangwa zifutwe kila mwezi. Tazama ratiba hiyo kabla hujashuku bodi.

Kuna pia suala la kizio. Ripoti moja huhesabu karatasi, nyingine huhesabu pande zilizochapwa. Karatasi 500 za pande mbili ni pande 1,000. Ukilinganisha ripoti ya zamani ya pande na mpya ya karatasi, utaona nusu imetoweka.

Umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja bila kusita, kwa mfano: "Kaunta ya jumla imeshuka kutoka 41,902 hadi 3, kaunta ya tona haikuguswa." Kama kaunta ya jumla haijashuka na mipangilio ipo, huna tatizo la kumbukumbu. Funga kazi.

Kushuka kidogo sana nako kuna maelezo yake. Chipu ya EEPROM ina ukomo wa kuandikwa, kwa kawaida kati ya mara 100,000 na mara milioni moja, kwa hiyo baadhi ya printa haziandiki kaunta kila ukurasa. Hukusanya kurasa kadhaa kisha huandika kwa mkupuo. Umeme ukikatika katikati, kurasa chache hupotea. Hilo linaonyesha umeme wa kukatika, na tutalishughulikia hatua ya 4.

## Hatua ya 3: Hakikisha kama printa ilizimika kweli

Printa iliyolala, iliyojizima na iliyojiwasha upya zinafanana kwa mtu anayeipita tu ukumbini. Chanzo chake ni tofauti kabisa.

Soma muda wa kuwaka kwa SNMP, namba 1.3.6.1.2.1.1.3.0. Muda huu unahesabiwa tangu sehemu ya mtandao ilipoanza kazi. Ulinganishe na kaunta tangu kuwashwa ya hatua ya 2:

- Muda mfupi na kaunta ndogo: printa nzima ilianza upya. Endelea hatua ya 4.
- Muda mfupi lakini kaunta tangu kuwashwa ni kubwa: kwa kawaida ni sehemu ya mtandao peke yake iliyoanza upya. Nenda hatua ya 5.
- Muda mrefu na kaunta kubwa: printa haikuzimika. Mipangilio ikiwa imepotea, kuna mtu au programu iliyoibadilisha. Nenda hatua ya 6.

Kuna mtego mmoja. Muda huo huhesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde ndani ya nafasi ya biti 32, kwa hiyo baada ya siku 497 hivi hujaa na kuanza sifuri. Printa isiyozimwa mwaka mmoja na nusu inaweza kuonekana imewashwa jana.

Angalia pia mpangilio wa kujizima. Modeli nyingi hujizima kabisa zikikaa saa kadhaa bila kazi. Anayefika asubuhi, akakuta kazi zake za namba ya siri hazipo, huwa na hakika kwamba kumbukumbu imeharibika, kumbe printa ilitii ilichoambiwa.

Umefaulu ukijua njia moja kati ya hizo tatu ndiyo yako.

## Hatua ya 4: Fuata umeme kutoka ukutani

Fyuza, yaani sehemu inayoyeyusha tona ishike kwenye karatasi, lazima ipashwe joto hadi takriban nyuzi 200 za Selsiasi, na taa au kipasha joto chake hakivuti umeme kidogo kidogo. Huvuta kwa mikupuo. Printa nyingi za ofisini huvuka wati 1,000 kwa kitambo kifupi, yaani zaidi ya ampea 4 kwenye umeme wa volti 230, au zaidi ya ampea 8 kwenye volti 120. Waya mwembamba au soketi iliyolegea haivumilii mkupuo huo: volti hushuka, bodi kuu hukosa chakula chake kwa sehemu ya sekunde, printa huanza upya. Ikiwa wakati huohuo ilikuwa inaandika kwenye kumbukumbu ya kudumu, data huandikwa nusunusu. Inapowaka tena hukuta data isiyoeleweka, nayo hurudisha thamani za kiwandani.

Niliwahi kuitwa ofisi moja ambako printa ilipoteza mipangilio karibu kila Jumatatu. Bodi ilikuwa imeshabadilishwa. Nilikaa pale kabla ya saa za kazi, mkono juu ya ekstensheni, nikawaomba wawashe kila kitu kama kawaida yao. Mashine ya nakala iliyochomekwa ekstensheni hiyo hiyo ilianza kupasha joto, taa ya dari ikafifia, na plagi ya printa ikawa ya moto kidoleni. Skrini ya printa ikazima, ikarudi na nembo ya kuwashia. Tulipoitoa plagi, pini moja ilikuwa na weusi upande mmoja. Printa ilichomekwa ukutani peke yake na tatizo likaisha siku hiyo.

Fanya hivi:

1. Zima printa kwa swichi yake, subiri itulie, kisha chomoa. Kagua pini za plagi na mdomo wa kebo unaoingia kwenye printa. Weusi, harufu ya kuungua au kulegea ni jibu tosha. Badilisha kebo au soketi.
2. Ondoa ekstensheni. Chomeka moja kwa moja ukutani, kwenye soketi isiyoshirikiana na mashine nyingine nzito.
3. Ondoa UPS ndogo (kifaa cha betri cha umeme wa akiba). UPS ya 650 VA hutoa chini ya wati 400 hivi, na fyuza inataka zaidi ya mara mbili ya hizo. Badala ya kuilinda printa, inaizima.
4. Mwenye ujuzi apime volti printa ikiwa imetulia, kisha ikianza kuchapa kurasa 20. Linganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma ya printa. Volti zikishuka chini ya kiwango hicho wakati wa kuchapa, tatizo ni la nyaya za jengo, mwite fundi umeme.

Onyo: usifungue kisanduku cha umeme ndani ya printa. Kapasita zake hubaki na chaji baada ya kuchomoa. Fyuza nayo huchoma. Ipe nusu saa kabla ya kuingiza mkono karibu nayo.

Umefaulu printa ikichapa kurasa 50 mfululizo ikiwa imetoka kwenye ubaridi, bila kuanza upya, na kaunta ikapanda kwa idadi hiyo hasa.

## Hatua ya 5: Tenga mtandao na kazi mbovu

Faili moja iliyoharibika inaweza kuiangusha bodi kuu. Kompyuta ikiona kazi haijakamilika huituma tena, printa huanguka tena, na unapata mzunguko wa kuwaka na kuzima unaofanana kabisa na ugonjwa wa bodi. Kwenye printa za HP mzunguko huu mara nyingi huonyesha kosa la 49 au 79.

Chomoa kebo ya mtandao na ya USB, zima Wi-Fi, kisha washa. Iache dakika 20 na uchapishe kurasa za ripoti kutoka kwenye menyu yake. Ikitulia, bodi haina kosa. Futa foleni yote ya kazi kwenye seva na kwenye kila kompyuta, ndipo urudishe kebo. Rudisha watumiaji kwa makundi uone ni kundi gani linaloleta mwanguko. Kisha weka programu dhibiti mpya na kiendeshi kipya (programu ya kompyuta inayoongea na printa), kwa sababu hitilafu nyingi za namna hii hurekebishwa humo.

Onyo: usikate umeme programu dhibiti inapoandikwa. Bodi inaweza isiwake tena.

Umefaulu ukijua faili, kompyuta au kiendeshi kilichokuwa chanzo.

## Hatua ya 6: Tafuta mkono wa mtu au wa programu

Wakati mwingine hakuna kilichosahaulika, kuna aliyebadilisha.

Anwani ya IP ikibadilika kwa sababu ya DHCP (huduma inayogawa anwani kwenye mtandao), watumiaji husema printa "imepoteza mtandao." Itengee anwani kwenye seva ya DHCP, na mazungumzo hayo yataisha.

Programu za kusimamia printa nyingi kwa pamoja hutuma mipangilio kwa ratiba. Ukibadilisha kitu mchana na usiku kikarudi kilivyokuwa, tena saa ileile, tazama ratiba hiyo. Mbadiliko wa saa maalumu hausababishwi na chipu mbovu. Chipu mbovu haijui saa.

Kisha weka neno la siri la msimamizi kama halipo. Menyu ya kurudisha mipangilio ya kiwandani ikiwa wazi kwa kila mtu, mtu mwenye haraka na karatasi iliyokwama ataibonyeza siku moja.

Hapa pia kagua saa ya printa uliyoiandika hatua ya 1. Tarehe ikirudi miaka ya nyuma kila umeme unapokatika huku kaunta ikibaki, betri ya saa imekwisha, au modeli yako haina betri na inategemea seva ya saa. Usilipuuze hili: printa yenye tarehe ya zamani hukataa vyeti vya usalama vya seva, na kutuma skani kwa barua pepe kunakufa bila maelezo ya maana. Weka anwani ya seva ya saa kwenye mipangilio ya mtandao, na badilisha betri kama ipo ya kubadilishika.

## Hatua ya 7: Bodi, sasa

Umefika hapa ikiwa umeme ni safi, mtandao umetengwa, hakuna aliyegusa, na bado kaunta ya jumla au mipangilio inapotea. Kwenye printa za HP, ujumbe wa kosa la 68 unaosema mipangilio imebadilika unakuambia wazi kwamba kumbukumbu ya kudumu ilipata hitilafu na baadhi ya thamani zimerudi za kiwandani. Ukitokea mara moja baada ya umeme kukatika, rekebisha mipangilio na uangalie. Ukirudia umeme ukiwa mzuri, chipu inachoka.

Zima, chomoa, vaa mkanda. Kama kuna kipande cha RAM cha kuongezea, kitoe na ujaribu bila hicho. Kilicholegea au kibovu huiangusha printa ovyo. Kisha chomoa na kurudisha vizuri kebo bapa zinazounganisha bodi kuu na bodi ya injini (inayoendesha mota, leza na fyuza).

Ikibidi kubadilisha bodi, nisikilize vizuri: usibadilishe bodi kuu na bodi ya injini kwa wakati mmoja. Modeli nyingi huweka nakala ya kaunta na namba ya printa kwenye bodi zote mbili. Ukibadilisha moja, washa printa hadi iwe tayari. Bodi ya zamani itaijaza mpya. Ukibadilisha zote mbili, hakuna iliyobaki ya kukumbuka. Nimewahi kufanya kosa hilo kwa haraka ya kumaliza kazi, na hesabu ya miaka ya printa ile haikurudi.

Kwa sababu hiyo hiyo usiguse menyu ya huduma inayoanzisha upya NVRAM. Kwenye modeli nyingi hufuta hata kaunta.

## Hatua ya 8: Jaribu siku saba, kisha kabidhi

Hamisha nakala ya mipangilio kutoka ukurasa wa msimamizi na uihifadhi nje ya printa. Kwa siku saba, saa ileile kila siku, andika daftarini kaunta ya jumla, kaunta tangu kuwashwa na muda wa kuwaka. Siku mojawapo zima printa kwa makusudi kwa swichi yake na uiwashe tena: kaunta tangu kuwashwa lazima ianze upya, ya jumla lazima iendelee ilipoishia.

Kaunta ya jumla ikipanda siku zote saba bila kushuka, umemaliza. Ikishuka tena, mpe fundi daftari hilo pamoja na kurasa za hatua ya 1, na kama mnalipa kwa ukurasa, wote wawili tieni saini kwenye kaunta ya mwisho iliyokuwa sahihi kabla hajafungua kifuniko. Akimaliza, chapisheni ukurasa wa usanidi mbele yake na mhakikishe kaunta na namba ya printa ni zile zile.